Anti, mama mashine za masikio kaziweka kabatini

Barua za mwezi huu karibu zote ni za masikio. Tangu niliposema humu kwamba mi mwenyewe navaa mashine za kusikia masikio yote mawili, mwaka wa sita sasa, naona mmefunguka kwelikweli. Haya, leo tuzimalize. Mi sio daktari, naongea kama mtu anayevaa na aliyekaa sana kwenye mabenchi ya kliniki, vipimo tuwaachie wenyewe.

*Shikamoo Anti. Mama yangu ana miaka 71, tunakaa nae hapa Tabata. Alianza kuweka tv sauti ya juu mpaka jirani analalamika, mwaka jana tukachanga ndugu wote tukamnunulia mashine mbili za masikio, hela nyingi Anti, mi nilivunja mpaka kibubu cha ada. Kavaa wiki mbili tu, saivi zipo kabatini kazifunga kwenye leso pamoja na hereni zake za dhahabu. Ukimuuliza anasema zinapiga kelele. Juzi namwambia "mama hapo nje kuna taka", akaniuliza "paka wa nani?", watoto wakacheka sana, akaingia kulala saa moja jioni hata hajala. Mdogo wangu anasema sikio la kufa halisikii dawa, tumuache. Nifanyeje? — Mtoto wa kwanza, Tabata*

Marahaba mwanangu. Kwanza mdogo wako mwambie huo msemo sisi wenye masikio mabovu tumeshatupiwa mpaka umechakaa, atafute mwingine. Pili, mtu anayeweka kitu na dhahabu zake hajakidharau. Anakiogopa. Tuanzie hapo.

Hiyo ya taka na paka sio uzembe wa mama. Sikio la uzee linaanza kufa upande wa sauti nyembamba, zile za s, sh, f, t, k, p. Vokali zina nguvu zinapita. Na Kiswahili chetu karibu kila neno linaisha na vokali, kwaiyo mama anachopata ni a-a, alafu anabaki anabahatisha, ni taka, paka, kaka, pata, kata, saka? Ndo maana watu wa hivi wanasema "nakusikia ila sikuelewi" na nyie mnaona kama anawachezea, kumbe kasema ukweli mtupu. Na ukipiga kelele unaongeza ile a-a tu, t inabaki pale pale. Mbaya zaidi sikio lililoharibika halipendi sauti kubwa, sauti ikivuka kidogo tu linauma, ndo unakuta dakika hii anakwambia "ongea kwa sauti" dakika inayofuata "mbona unanifokea". Mama yangu mdogo nilikosana nae mwaka mzima kwa hilo jambo, na hapo mwenye masikio mabovu nilikuwa mimi.

Sasa kelele za mashine. Ni kweli zinapiga kelele, msimbishie. Mtu kakaa miaka hajasikia maji ya bomba, mfuko wa rambo, feni, kijiko kwenye sahani, alafu siku moja vyote vinarudi kwa pamoja. Mi siku ya kwanza nilitoka kliniki nikapanda daladala, konda kagonga bati pale mlangoni nikajua tumepata ajali, nikashuka kituo kinachofuata nikaenda kwa miguu, na hata ndala zangu mwenyewe zilinishtua. Ubongo unahitaji wiki kadhaa, wengine miezi miwili mitatu, kujifunza tena kwamba feni ni feni isukumwe nyuma na sauti ya mtu iletwe mbele, na hauwezi kujifunza mashine ikiwa kwenye leso.

Kwaiyo anza upya kidogo kidogo. Mchana nyumba ikiwa kimya, mvalishe masaa mawili mkae wawili mnachambua mchele au mnapiga umbea, basi. Kesho ongeza. Kanisani au msikitini baadae, na sherehe ya spika ndo iwe ya mwisho kabisa. Huku nyuma andikeni kinachomkera, "kijiko kinachoma", "sauti yangu naisikia kama nipo ndani ya pipa", "inapiga mluzi nikitafuna", alafu mrudi kwa yule mtaalamu aliyezipima. Hizi mashine zinasetiwa kwa kompyuta kufuata kipimo cha mtu, na seti ya kwanza karibu kila mtu inarekebishwa. Mluzi mara nyingi ni ile plastiki ya sikioni haijakaa vizuri au sikio limejaa nta. Watu wengi wanalipia mashine, hawarudi kurekebishiwa, wanasema wametapeliwa. (Matapeli wapo pia, wale wanaouza vikuza sauti vya bei chee mtandaoni bila kukupima, vinakuza kila kitu mpaka mngurumo wa friji.)

Sasa sehemu ambayo ndugu hampendi kuisikia. Mashine inaleta sauti, kuelewa ni kazi ya watu wote mliopo hapo nyumbani. Inafanya kazi vizuri mtu akiwa karibu, mita moja na nusu au mbili hivi. Ile "mama chaai!" ya kutokea jikoni imepotea njiani. Nenda alipo, mguse bega au muite jina, akikuangalia ndo uongee, tv ukiwa umeizima, na taa ikiwa usoni kwako sio mgongoni. Mi luku ikiisha usiku nakuwa kiziwi mara mbili, maana nusu ya kusikia kwangu nasoma midomo. Na midomo nayo inadanganya. Simama kwenye kioo useme bila sauti baba, mama, papa. Umeona? Zote sawasawa. Ndo maana ni vizuri umpe mada kwanza, "mama, mambo ya shule, mwalimu kapiga simu", hapo ubongo unajua wa kumtafuta ni mwalimu. Asiposikia usirudie neno lile lile mara tatu huku unapanda juu, badilisha, taka ikigoma sema ndoo ya uchafu imejaa.

Watoto kucheka nitawasamehe, taka na paka hata mi ningecheka, na mama mwenyewe akizoea atacheka. Nisichosamehe ni ile "basi bibi, achana nayo". Watu kumi mmekaa mmecheka, anauliza kuna nini, mnamwambia hamna kitu. Hata kama ni habari ya ndizi zimeiva, mrudieni. Mtu akiambiwa hamna kitu mara ishirini anaacha kuuliza, anaanza kucheka mkicheka bila kujua anacheka nini, alafu anaanza kulala saa moja.

*Mambo Anti. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea mageti, mwaka wa 20 huu. Anakataa katakata kuwa hasikii. Na kweli rafiki zake kijiweni anawasikia vizuri tu, ila mimi na binti yetu wa miaka mitano ndo hatusikii, anaitikia "eeh" alafu hafanyi. Si makusudi hayo? — Mke wa fundi, Morogoro*

Poa mdogo wangu. Makusudi ya waume yapo, siwezi kuapa, ila dalili unazotaja ni za sikio. Masikio yaliyoharibiwa na kelele yanakufa juu kwanza, kwenye sauti nyembamba, kama ya uzee, na sauti za wanawake na watoto zipo juu zaidi. Rafiki zake wana mibesi, zinapita. Kwaiyo wewe na mwanao ndo mnapotea wa kwanza, na nyie ndo mnaumia wa kwanza, inauma kweli.

Hesabu ya kelele ipo hivi, desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 85 mtu anavumilia saa 8 kwa siku, na kila zikiongezeka 3 muda unakatika nusu, 88 saa 4, 91 saa 2, ukifika 100 imebaki robo saa. Grainda inakata bomba siku nzima, piga hesabu mwenyewe. Ndani ya sikio kuna vijiseli vya vinyweleo vinavyopokea sauti, tunazaliwa na kama 15,000 kila sikio, vikifa havioti tena. Kwaiyo leo leo anunue vifunika masikio vya kazini, hata kabla hajakubali chochote.

Kukubali sasa. Ukimwambia "we kiziwi" umeharibu. Muulize tu usiku, taa zikizimwa, masikio yanalia wiii? Mafundi wengi yanalia na hawajawahi kumwambia mtu. Akisema eeh, mwambie na wewe unataka kupima, mwende wote wawili, uanze wewe kuingia kwenye kile kibanda cha kupimia. Karatasi ya kipimo yenye mstari unaoporomoka kulia, upande wa sauti nyembamba, inamwambia mwanaume kitu ambacho mke hawezi kumwambia.

*Anti shikamoo, navaa mashine, nipo Tanga joto hili. Betri hazidumu hata wiki, na nikivaa hijabu zinapiga kelele za kukwaruza. — Bi. Mkwaruzo*

Marahaba, jina umejipa zuri. Betri zile zinafanya kazi kwa hewa, ukishabandua kile kistika zimeanza kutumika hata ukirudisha. Bandua siku ya kuweka, iache wazi kama dakika moja ivute hewa ndo ufunge. Angalia na rangi, ya kahawia ni saizi 312, chungwa ni 13, bluu ni 675, usiuziwe yoyote. Usiku fungua kimlango cha betri, weka mashine kwenye kikopo chenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu vipya, jasho na hewa ya pwani ndo adui yako mkubwa. Hijabu chagua pamba laini isiyobana, zile za kuteleza zinasugua vipaza sauti. Saluni vua kabla ya mafuta na drayer. Na hizo betri zilizokwisha zisikae mezani, mjukuu akimeza ni hospitali saa hiyo hiyo.

*Habari za kazi dada. Mwanangu wa darasa la pili, sikio la kulia linatoa usaha tangu ana miaka minne, linakauka linarudi. Mwalimu anasema ni mbishi, ukimwita haitikii. Bibi yake anamkamulia kitunguu. Naogopa kumpima wasije wakampeleka shule ya viziwi. — Mama Mwanza*

Njema mama. Kitunguu kiishe leo, kwa heshima zote kwa bibi. Usaha wa muda mrefu hivo mara nyingi maana yake ngoma ya sikio imetoboka, chochote unachomwaga kinaingia ndani kabisa, mafuta, maziwa, hata maji ya kuogea, na ziwani asipige mbizi. Linatakiwa likae kavu na litibiwe, na kwa aina hii kuna watoto usikivu unarudi, wengine kwa kuzibwa kale katundu. Upo Mwanza, Bugando kuna kliniki ya masikio, pua na koo, ukichelewa ndo unampunguzia nafasi.

Huyo mwalimu nenda kamuone kwa upole, mtoto akae mbele, sikio la kushoto, lile zima, liwe upande wa mwalimu, na aitwe akiwa anaangalia. Nina hakika ubishi utapungua. Ikija kuonekana ni tatizo la kudumu, kuna mashine, na kwa ambao mashine haziwatoshi kabisa Muhimbili wanapandikiza vifaa vya sikio la ndani tangu 2017. Na Lugha ya Alama sio adhabu mama, mi naijutia kutojifunza mapema, ningekuwa naongea na wenzangu vizuri tu kwenye sherehe huku nyie mnafokeana juu ya spika.

*Anti samahani, nimeamka juzi sikio la kushoto limezima kabisa na linalia. Haliumi. Nimenunua matone famasi, nisubiri siku ngapi? — Kijana, 29*

Huyu nilimjibu kwenye simu siku ile ile, naiweka hapa kwa ajili ya mwingine. Usisubiri hata siku moja. Sikio kufa ghafla ni dharura, kuna dawa za steroidi zinazotolewa mapema na kila siku inayopita nafasi inapungua, baada ya wiki kadhaa hata daktari anabaki kukuangalia. Na ukifika mapokezi usiseme "naumwa sikio", utapewa foleni na matone mengine. Sema "sikio limekufa ghafla juzi, nataka daktari wa masikio leo".