Simu ya masikioni na soga za abiria

SWALI: Naendesha Noah ya abiria Morogoro–Dodoma. Nikipokea simu kwa spika za masikioni, mikono iko kwenye usukani. Kuna hatari gani? Mbona kuongea na abiria wa mbele hakukatazwi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Mikono si tatizo kubwa, tatizo ni akili. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari hukata mita 22 kila sekunde. Dereva aliyezama kwenye mazungumzo hutazama barabara bila kuiona: macho yanamlenga mtembea kwa miguu, ubongo haumsajili. David Strayer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walilipima hilo wakakuta spika za masikioni hazisaidii. Mwaka 2015 walionyesha kwamba baada ya kuiamuru simu au redio kwa sauti, umakini unaweza kuchelewa kurudi hadi sekunde 27. Kwa mwendo wako huo ni karibu mita 600!

Abiria ni tofauti kwa sababu anaona unachokiona. Lori likikata mbele, ananyamaza mwenyewe. Aliye kwenye simu anaendelea kudai jibu. Ila abiria mgomvi, au anayetaka umtazame usoni, hana nafuu.

Weka simu kimya kabla ya kuwasha gari, umwachie kondakta. Ukilazimika kupiga, ingia kituo cha mafuta au stendi. Usisimame kwenye bega la barabara, hasa usiku.