Majilio na kazi ya kutoka usiku
Dada, hilo ulilosema la kufunga duka saa tatu usiku na kukosa sala za jumuiya nakuelewa kabisa, ila Majilio, kipindi cha kujiandaa na Krismasi, hayajakupita, ndo kwanza Dominika ya tatu, umeona padri kavaa waridi badala ya zambarau, tunaambiwa tufurahi Bwana yu karibu. Kitubio, yaani kuungama kwa padri, nenda wiki hii hii, tarehe 24 Desemba foleni inafika mpaka getini na padri kachoka. Halafu kuanzia tarehe 17 Injili za Misa zinaingia kwenye habari za kuelekea kuzaliwa kwa Yesu, Yosefu, Zakaria, Maria anaenda kwa Elizabeti, soma moja kila siku hata kwenye daladala, taratibu. Mwenyekiti wa jumuiya mpigie umweleze ratiba yako, atakuelewa.