Je, kusomea michezo chuo kikuu ni elimu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mwanangu kamaliza kidato cha sita, anang'ang'ania kwenda kusomea michezo ya kompyuta. Ni elimu kweli, au anatafuta kisingizio cha kucheza?
Mama mwenye wasiwasi, Tanga

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hakudanganyi. Jarida la kitaaluma la Game Studies lilianza mwaka 2001, mhariri wake akiwa Espen Aarseth, mtafiti wa michezo ya kompyuta.

Mimi somo langu huanza na bao, kompyuta bado zimezimwa. Wanafunzi wanahesabu: mashimo 32, kete 64. Katika namua, yaani hatua ya kwanza ya mchezo, kila mmoja anaanza na kete 10 ubaoni, 22 mkononi. Kisha nawasimamisha pale mchezaji aliyekula anapofikia nyumba yake, shimo maalumu lenye kete nyingi: alale, yaani aishie hapo, au asafiri nayo, yaani azizoe kete zake aendelee kuzisambaza? Hapo darasa hulipuka! Kanuni imempa hiari, na hiari hiyo ndiyo tunayoichunguza, iwe ubaoni au kwenye simu. Mtafiti Alexander de Voogt alipata udaktari Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, mwaka 1995 kwa utafiti wa mabingwa wa bao wa Zanzibar. Nasikitika kwamba vijana wetu wengi hawalijui hilo.

Ila muulize jambo moja: anataka kuunda michezo, au kuielewa? Kuunda kunadai hesabu na uandishi wa programu. Kuielewa kunadai kusoma sana, kuandika, na kukaa barazani na wachezaji, daftari mkononi, hadi magharibi. Akishakujibu, niandikie tena.