Re: Pikapu inakunywa mafuta baada ya kuinuliwa

Habari ndugu. Unasema pikapu imeanza kunywa mafuta tangu uiinue bodi iwe juu zaidi ya ardhi, ukafunga matairi makubwa na keria ya juu. Usiguse injini kwanza, angalia odometa (kihesabu kilomita cha dashibodi). Tairi likizidi la zamani kwa asilimia 10 ya kipenyo, gari linatembea kilomita 110 huku dashibodi ikiandika 100, kwa hiyo hesabu yako ya mafuta kwa kilomita inakudanganya. Linganisha na GPS.

Kisha vua keria, jaza tanki, rudia safari ileile kwa mwendo uleule. Keria yangu ilikuwa ikipiga mluzi kuanzia kilomita 80 kwa saa. Nilipoivua mluzi ukaisha na ulaji wa mafuta ukapungua. Ukipanda kutoka 80 hadi 110, nguvu ya upepo unaokupinga inakaribia maradufu, na gari lililoinuliwa linaupokea mwingi zaidi hadi chini ya uvungu.