Mbwa wa marehemu baba mkwe anatuamsha saa kumi, mke kahamia sebuleni

Shikamoo shangazi. Nina miaka 41, naishi Moshi, ndoa yetu ina miaka 6. Baba mkwe alipofariki mwaka juzi mke wangu alikuja na mbwa wa marehemu, anaitwa Simba, ana miaka 13. Mwanzo alikuwa analala bandani vizuri tu, ila tangu mwezi wa tano kila siku saa kumi alfajiri anakwaruza mlango na kulia, nyumba nzima hatulali. Mke kamwingiza ndani analala jikoni kwenye sakafu. Mbwa mwenyewe ana kiburi, ukimwita hageuki, maji anakunywa kupita kiasi, na mara nyingine namkuta kasimama kwenye kona anautazama ukuta mpaka mama yangu akasema huyu si mbwa wa kawaida. Mimi namjali, hata nikirudi usiku namletea mifupa. Nikashauri apelekwe shamba, mke akanuna, sasa hivi analala sebuleni. Naomba msaada, naweza kumsagia Piriton kwenye chakula alale mpaka saa moja? Ni mimi Mume Asiyelala.

Marahaba mwanangu. Pole kwa usingizi. Pole imeisha, sasa tuongee.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nilicheka, ya pili nikamwonea huruma mkeo. Umeniandikia kurasa nzima ya mbwa halafu kwenye mstari wa mwisho kabisa, kama mtu anayeangusha risiti mfukoni, ndo unasema mke halali chumbani. Yaani hiyo ndo habari yenyewe na umeiweka mkiani.

Tuanze na hiyo "hatulali". Hatulali nani? Nimetafuta mahali umeandika "naamka namtoa nje" sijaona. Na ungekuwa unaamka ungesema, nawajua wanaume mimi, mkiosha kikombe kimoja mtaa mzima unajua. Anayeamka saa kumi na baridi ya Moshi mwezi wa saba, anatafuta kandambili gizani, anafungua mlango, anasimama nje anamsubiri mzee akojoe, ni mkeo. We unageuka upande wa pili unavuta blanketi unalalamika.

Sasa tuje kwenye mifupa. Mifupa unaitoa wapi usiku mwanangu? Ofisini hawagawi mifupa. Hiyo ni mifupa ya kitimoto, na mtu anayerudi na mifupa ya kitimoto harudi saa mbili. Mi napiga hesabu unafika saa sita. Unabisha hodi, mke anaamka anakufungulia, Simba naye anaamka, unamwagia mfuko wake, chumvi, pilipili, ndimu na mabaki ya kachumbari humohumo, anakula, chumvi inampeleka kwenye maji, anakunywa bakuli zima, mnalala. Toka saa sita mpaka saa kumi ni masaa manne. Kibofu cha mbwa wa miaka 13 kitafanya nini hapo? Anaomba mlango kwa adabu kabisa, angekuwa hana adabu angekukojolea kwenye viatu. Kwa hiyo mkeo ana wazee wawili wa kuwafungulia mlango usiku, mmoja saa sita mmoja saa kumi, na wa saa kumi ndo mwenye sababu.

Halafu hiyo kachumbari, kitunguu ni sumu kwa mbwa, kinaharibu chembe nyekundu za damu. Na mfupa uliopikwa unapasuka vipandevipande unaweza kumchana utumbo au kumziba. Unasema unamjali, haya.

Hicho unachokiita kiburi, mwanangu huyo mbwa hasikii. Mbwa akizeeka masikio yanakwenda, macho yanaingia ukungu, viungo vinakauka. Simama nyuma yake piga makofi uone kama ataruka. Na kusimama kwenye kona anatazama ukuta, mwambie mama kwa heshima zote kwamba hakuna mzimu wala mkono wa mtu, inaelekea ni ugonjwa wa ubongo wa uzeeni, mbwa wanaupata kama bibi na babu zetu wanavyoupata. Anasahau mlango uko upande gani, anachanganya usiku na mchana, anazurura saa nane ya usiku kama kaibiwa kitu. Kule kwetu bibi yangu mzaa mama alikuwa anaamka usiku wa manane anawasha jiko anasema kumekucha, hakuna aliyesema apelekwe shamba.

Kwa hiyo kabla ya yote mpeleke kwa daktari wa mifugo, sio yule mwenye duka la dawa za kuku, daktari. Mwambie lini alianza, anakunywa maji kiasi gani, anakojoa mara ngapi, anainuka kwa shida au la. Maji mengi yanaweza kuwa chumvi ya mifupa yako, ila yanaweza pia kuwa figo au sukari, na hayo mawili hayajulikani kwa kutazama kwa macho, anapimwa mkojo na damu. Maumivu ya viungo nayo yanaamsha, saa kumi ndo baridi inaingia kwenye mifupa na wewe umesema analala jikoni kwenye sakafu. Sakafu ya saruji! Mzee wa miaka 13! Toa godoro lile la zamani mlilolisimamisha stoo, likunje mara mbili, weka blanketi, weka na taa ndogo ya mwanga hafifu asijigonge akiamka.

Piriton hapana. Hujui kipimo chake, hujui ini na figo zake zikoje, na unataka kumlaza kwa nguvu mbwa aliyebanwa mkojo. Akikojoa palepale alipolala nani atadeki? Tunajua. Na usije ukahamia kwenye Panadol wala diklofenaki kwa kuwa nimesema ana maumivu, dawa za binadamu zinaua mbwa, huyo ana dawa zake na daktari ndo atampa.

Ukishatoka kwa daktari badilisheni ratiba. Ale chakula cha jioni saa moja, na mifupa yako marufuku kabisa, hata ukiwa umelewa ukajisikia huruma. Maji usimnyime kamwe, mbwa mgonjwa wa figo ukimnyima maji unammaliza. Mchana asiachwe alale kutwa, atembezwe kidogokidogo asubuhi na jioni, apate jua. Na kabla nyumba haijalala atolewe akojoe, hiyo ni kazi yako wewe. Ukirudi saa nne mtoe, ukirudi saa sita ndo kabisaa, usipite kama mgeni, mvalishe kamba mzunguke uani mpaka amalize.

Akiamka saa kumi bado, na wiki za mwanzo ataamka, mtoe kimyakimya. Usiwashe taa kubwa, usimsemeshe, usimpe kitu cha kula, akimaliza anarudi kwenye godoro lake. Hapa nadhani mkeo naye kakosea kidogo, nahisi anampa kipande cha mkate anyamaze ili wewe usigombe, na mbwa hata awe na miaka 13 hilo somo hasahau, ataamka kwa ajili ya mkate. Kama sasa anakula kifungua kinywa saa kumi na nusu, kisogezeni mbele dakika 10 au 15 kila baada ya siku mbili tatu mpaka kifike saa kumi na mbili na nusu. Hiyo saa moja unayoitaka usiitegemee sana, majogoo tu ya huko kwenu hayatakuruhusu. Ukipata saa kumi na mbili shukuru Mungu.

Sasa hilo la shamba. Mwanangu, siku hizi mnataka mke aje kama simu mpya kwenye boksi, haina namba ya mtu, haina picha ya zamani, haina kwao. Mnaoa binti wa watu halafu kila alichokuja nacho kinakuwa kero, ndugu zake kero, sufuria la mama yake kero, sasa mpaka mbwa wa baba yake. Mahari umetoa kwa mzee yule, Simba akiwa getini anakubwekea, umesahau? Huyo mbwa alimsindikiza marehemu kila jioni. Mkeo akimtoa nje saa kumi nadhani hatoi mbwa tu, pale anakaa na baba yake dakika tano. We ukasema apelekwe shamba. Mi ningehamia sebuleni siku ileile, na ufunguo wa chumba ningeondoka nao.

Kwa hiyo asubuhi ya Jumamosi usimwombe mkeo arudi chumbani, usimpelekee maneno kabisa. Amka saa kumi kabla yake, mtoe Simba wewe, baridi ikupige. Fanya hivyo wiki mbili bila kutangaza.

Na hiyo hodi ya saa sita, nenda kwa fundi kachongeshe ufunguo wako mwenyewe.