Mkuu kama bado unavuta sigara, hiyo beta karotini usiimeze

Mkuu usilipe. Umeandika una miaka 41, unavuta pakiti moja kwa siku, kuna dada kakuambia kopo la antioksidanti (vidonge vinavyosemwa vinakinga seli zisiharibike) lenye beta karotini, ile rangi ya karoti ambayo mwili unaigeuza vitamini A, linarudisha nyuma umri wa seli, sasa unauliza uchukue la mwezi mmoja au la miezi mitatu na kama zabibu zetu za hapa Dodoma zinafanya kazi hiyohiyo. Usichukue hata la siku moja. Nimepita hapohapo na mpaka leo inaniuma.

Mwaka 2021 nilikuwa na hela ya mavuno ya zabibu Hombolo, nikaalikwa semina mjini, kijana wa suti akanishikisha kijiti cha chuma kilichounganishwa na laptopu, dakika mbili karatasi ikatoka: umri wa mwili 61. Nilikuwa na 44! Usiku ule sikulala. Aisee ile mashine ni utapeli. Saa ya umri wa seli, yaani kipimo cha kukadiria umri wa mwili, kweli ipo, mtafiti Steve Horvath aliitangaza 2013, ila inasoma alama za methili (vikemikali vidogo vinavyojibandika kwenye DNA) kwenye sehemu 353 za DNA, lazima watoe damu au mate yapelekwe maabara, hakuna anayesoma DNA kwa kukushikisha chuma.

Ila nikanunua vidonge vyao, kama hivyo vya kwako. Makopo mawili kwa mwezi, 95,000 kila moja, miezi 14. Piga hesabu, ni 2,660,000, ningeweka nguzo na nyaya mpya shamba zima.

Lakini hela ningeitafuta tena. Kosa lenyewe ni sigara. Nilikuwa nimeshashuka mpaka tano kwa siku, mke wangu ananihesabia kabisa, halafu yule kijana ananiambia "baba wewe vuta tu, hii kitu inasafisha mapafu", na mimi nikamwamini nikarudi kwenye pakiti nzima, asubuhi nashushia kidonge na chai nawasha sigara roho imetulia kabisa maana najua nina kinga. Miezi 14 hiyo! Mtu anayemwambia mvutaji maneno kama yale ili auze kopo, mimi simsamehei.

Kifua kilipoanza kubana nikaenda hospitali, daktari akasema kalete hilo kopo. Akasoma nyuma, miligramu 25, akaniuliza unavuta? Ndo akanieleza kwamba Ufini waliwafuatilia wanaume wavutaji 29,133, majibu yakatoka 1994, waliokuwa wanapewa beta karotini miligramu 20 kwa siku walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. Marekani nao wakawapa wavutaji, walioacha na waliofanya kazi kwenye asbesto (madini ya nyuzinyuzi yanayodhuru mapafu), miligramu 30 pamoja na vitamini A, Januari 1996 wakasimamisha miezi 21 kabla ya muda kwa sababu saratani ya mapafu ilikuwa imezidi kwa asilimia 28 kuliko kwa wasiopewa. Walitegemea ipungue mkuu, maana waliokuwa wanakula mboga na matunda mengi walionekana kuugua kidogo. Inavyoelezwa ni kwamba dozi kubwa ikikutana na moshi kwenye mapafu inavunjika, na vile vipande vyake vinageuka kuwa sumu vyenyewe. Karoti, boga, mchicha havina shida hiyo, kula tu.

Eksirei yangu ilitoka safi. Nilikaa kwenye benchi pale nje nikalia.

Na wakikuambia kidonge "kinareseti jeni" (vipande vya DNA vyenye maelekezo ya mwili) usikubali. Hizi alama za methili ni kama swichi, zinawasha na kuzima jeni bila kubadilisha herufi za DNA, na moshi unazivuruga sana, kuna jeni linaitwa AHRR ambalo kwa mvutaji methili zake zinashuka mpaka wataalamu wanaweza kukutambua kwa damu tu kwamba unavuta. Ukiacha zinaanza kupanda taratibu, inachukua miaka, na sehemu nyingine za DNA alama zinabaki muda mrefu sana. Sasa kinachozipandisha ni kuacha sigara mkuu, zima hiyo sigara kwanza, mengine yote tutaongea baadaye.

Kama ulishalipa, piga picha upande wa nyuma wa kopo uweke hapa tuone ni miligramu ngapi. Usifungue kizibo mpaka nikujibu.