Wageni Wangu Wananichoka Kabla Hatujafika Gangilonga

SWALI: Shikamoo mama. Ni kijana wa Iringa mjini, na tangu mwaka jana ninatembeza wageni kwa miguu kutoka makumbusho ya Boma, kupitia Soko Kuu, hadi jiwe la Gangilonga. Tarehe zote nimezihifadhi kichwani na Kiingereza hakinisumbui, lakini nusu saa haiishi kabla baadhi yao hawajainamia simu na wengine kupiga miayo. Ninakosea wapi?
Msomaji, Kihesa

JIBU: Marahaba mwanangu, na kamwene, kama tusalimianavyo Wahehe. Barua yako imenikumbusha mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii, nilipowasimamisha wageni mbele ya Boma saa sita mchana, mimi nikiwa nimeligeuzia jua mgongo na wao likiwapiga usoni. Bibi mmoja alijikinga macho kwa kofia huku akibadilisha mguu wa kuegemea, nami sikumwona, kwa kuwa akili yangu yote ilikuwa kwenye tarehe. Tangu siku hiyo jua hulikabili mimi, na sifungui mdomo kabla mwenye mwendo wa pole kuliko wote hajafika.

Ninavyokuelewa, tatizo lako limo katika mpangilio. Mgeni anayetajiwa mwaka 1891, kisha 1894, kisha 1898, akiwa bado amesimama mbele ya jengo lile lile, hana mahali pa kuiweka miaka hiyo. Mpe kwanza swali la kutembea nalo. Mimi huwaambia kwamba jina Iringa limetokana na neno la Kihehe lilinga, yaani ngome, halafu nawauliza ngome yenyewe iko wapi. Karibu wote huligeukia Boma. Hapo ndipo ninapowaeleza kuwa jengo lile lilijengwa na Wajerumani mwaka 1900 liwe hospitali, na kwamba ngome tunayoitafuta ilikuwa Kalenga, kilomita kama 15 kutoka hapo, ambako waliipiga kwa mizinga Oktoba 1894, miaka mitatu baada ya jeshi la Mtwa Mkwawa, yaani mtawala wa Wahehe, kuwashinda huko Lugalo na kumuua kamanda wao Zelewski. Mji walioujenga baadaye juu ya kilima ukabeba jina la ngome waliyoibomoa. Nikifika hapo huacha kusema, tukaanza kutembea.

Sokoni usihutubu kabisa. Patana mapema na mama mmoja anayeuza vikapu vya milulu, yaani matete ya kusukia, umwombe mgeni akishike kikapu, akigeuze, atazame katikati ya kitako mahali msuko unapoanzia, na maswali yake ayajibu mama mwenyewe huku wewe ukitafsiri tu.

Gangilonga ndipo mahali pa kusema kwa kirefu, kwa sababu pale juu wageni wameketi na mji wote uko chini yao. Waambie kwamba jina hilo kwa Kihehe ni jiwe linaloongea, na uyataje masimulizi ya wenyeji kuhusu Mkwawa na jiwe hilo kuwa ni masimulizi. Kisha malizia habari uliyoianzia Boma: kwamba Mkwawa alijiua mwaka 1898 ili asikamatwe, kwamba fuvu lake lilipelekwa Ujerumani, kwamba Mkataba wa Versailles wa 1919, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, uliagiza lirudishwe, na kwamba lilirudi mwaka 1954 tu, nalo likawekwa Kalenga. Usifiche kwamba Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, alilichagua miongoni mwa mafuvu mengi huko Bremen, Ujerumani, kwa kutumia vipimo, na kwamba wapo wanahistoria wanaohoji kama ndilo lenyewe. Nakusihi sana katika jambo hili, maana mgeni akigundua baadaye kuwa ulimpunguzia ukweli, hata yale uliyosema sawasawa atayatilia shaka. Wakiwamo Wajerumani, usiipunguze habari wala usiipandishie sauti. Wasimulie kama unavyowasimulia wengine, na swali lisilo na jibu kwako, sema utaliuliza, kisha uliulize kweli.

Ukimaliza, nyamaza dakika mbili au tatu, uwaache wasikie upepo. Mara nyingi anayevunja ukimya huwa ni mgeni, naye huuliza gari la kwenda Kalenga linapatikana wapi.